Nguvu Ipi? Lugha ya Umeme Hadado

Katika mijadala ya istilahi za sayansi, wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuulizana iwapo lugha hii ina maneno ya kutosha. Swali hilo limechakaa. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na maneno kama mkondo, volteji na ukinzani si mageni tena vitabuni. Linalopasa kuulizwa ni iwapo yamemfikia anayeyahitaji.

Tuitazame Hadado, magharibi mwa mji wa Wajir. Katika kaunti hiyo, umeme wa mijini kwa miaka mingi umetoka kwenye majenereta ya dizeli, na penye uhaba wa nyaya wengi wamejitegemea kwa paneli za jua. Nyumbani husemwa Kisomali. Shuleni fizikia hufunzwa kwa Kiingereza. Lakini mnunuzi anapokutana na fundi aliyetoka pande nyingine za Kenya, mapatano aghalabu huwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo neno moja linapozua hasara, nalo ni nguvu. Betri "ina nguvu", waya "unapunguza nguvu", jokofu "linakula nguvu". Je, ni volteji, mkondo au wati?

Kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827 haivumilii utata huo. Chukua betri ya volti 12 na kifaa kinachopitisha ampea 6. Volteji ikigawanywa kwa mkondo, ukinzani wa kifaa ni omu 2. Volteji ikizidishwa kwa mkondo, nguvu ni wati 72. Sasa kifaa hicho kiwekwe mita 17 kutoka kwenye betri, kwa waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba. Kwenda na kurudi, waya huo una ukinzani wa takribani omu 0.4. Jumla ni omu 2.4, hivyo mkondo hushuka hadi ampea 5. Kifaa chenyewe, tukichukulia kwamba ukinzani wake haubadiliki, hupata volti 10 na wati 50 tu. Wati 10 zinapotea kwa kuupasha waya joto. Majokofu mengi ya betri hujizima volteji inaposhuka mno. Likiwa ni jokofu la chanjo, anayelipia ni mtoto.

Mwenye jokofu hilo akiambiwa kwamba "betri haina nguvu", atanunua betri nyingine, ilhali alihitaji waya mnene au mfupi zaidi.

Wapo wanaodai kwamba mafundi wanajua volti na wati, basi yatosha. Hayatoshi. Hayo ni majina ya vipimo, si ya vitu vinavyopimwa. Anayejua kilo hajui kwa hilo pekee tofauti ya uzito na bei. Neno ukinzani, kwa upande wake, linajieleza: msikilizaji anayejua kukinza amekwisha kuelewa nusu ya somo kabla ya hesabu kuandikwa.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Vyama vya Kiswahili vyuoni vingeweza kuanza na karatasi moja ya maelekezo ya kuunganisha paneli, ambamo nguvu ni wati peke yake, na Kisomali kikiandikwa kando yake, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye atakayebaki na waya fundi akishaondoka.