Kutafakari Si Uvivu

Mwaka 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza tarehe 21 Desemba ya kila mwaka kuwa Siku ya Taamuli Duniani. Hapa kwetu siku hiyo hupita bila shamrashamra, wala sisi hatudai iwe nazo. Huangukia katika siku zile za kuelekea sikukuu, ambapo stendi za mabasi hufurika abiria, masoko hujaa kelele, na wazazi huanza kuhesabu ada na sare za shule za Januari. Lakini kwa sababu hiyo hiyo twaona inafaa tulizungumze jambo hili kwa makini, maana hakuna wakati moyo wa binadamu unapohitaji utulivu kama wakati ule anapokosa nafasi ya kuutafuta.

Wengi wakilisikia neno taamuli hudhani kuwa ni kukaa bure na kuota ndoto za mchana. Wengine hudhani ni ibada ya kigeni, na wapo wanaolihusisha na mambo ya uganga. Yote hayo ni kutoelewa. Taamuli ni kitendo cha mtu kuikusanya akili yake iliyotawanyika na kuituliza juu ya jambo moja, iwe ni pumzi yake mwenyewe, neno la sala au fikra njema. Anayetafakari hajalala, yu macho pengine kuliko wakati mwingine wowote wa siku yake. Asichofanya ni kukimbizana na kila wazo linalompitia kichwani.

Wala jambo hili si geni katika imani za watu wetu. Waislamu wanajua kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akijitenga katika pango la Hira, karibu na Makka, kabla ya kushushiwa wahyi, na hadi leo waumini hukaa itikafu misikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani. Wakristo husoma kwamba Yesu alikaa jangwani siku arobaini, na hapa hapa Afrika, katika jangwa la Misri, Mtakatifu Antoni na wenzake waliishi maisha ya ukimya na sala zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Kitabu cha Mazoezi ya Kiroho cha Ignatius wa Loyola, ambacho hadi leo hutumika katika mafungo, kilichapishwa mwaka 1548. Wahindu na Wabuddha nao wana mapokeo makongwe ya taamuli, na mengi ya yale yanayofundishwa leo katika hospitali za nchi za Magharibi yamechotwa huko. Kwa hiyo mtu hana haja ya kuacha dini yake ili atulize moyo wake. Pengine anachohitaji ni kuitekeleza kwa utulivu zaidi.

Faida zake kwa afya zimechunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi. Mtu anapokuwa na hofu au hasira, mwili wake hujiweka tayari kupigana au kukimbia: homoni ya adrenalini humwagika, moyo hudunda kwa kasi, pumzi hufupika na shinikizo la damu hupanda. Hali hiyo ina manufaa kwa mtu aliyekutana na simba. Lakini hudhuru ikiwa mtu huamka nayo na kulala nayo kwa sababu ya foleni, ugomvi na madeni. Mwaka 1975 Dakta Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba mwili unao pia uwezo wa kinyume chake, yaani wa kupunguza mapigo ya moyo na kutuliza pumzi, na kwamba uwezo huo huamshwa kwa taamuli. Miaka minne baadaye, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu na msongo wa mawazo. Mafunzo ya namna hiyo yameenea katika nchi nyingi.

Hata hivyo, si haki kumpamba mtu kwa sifa asizo nazo, na kadhalika dawa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitoa matokeo ya kuchambua majaribio 47 yaliyohusisha watu 3,515. Waliona kwamba taamuli hupunguza kwa kiasi wasiwasi, huzuni na maumivu, lakini hawakuona ushahidi kwamba inayapita mazoezi ya viungo au dawa. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilisema kwamba taamuli inaweza kuongezwa juu ya matibabu ya kawaida ya kujikinga na maradhi ya moyo, wala si kushika mahali pake. Hili twalisisitiza. Mgonjwa wa shinikizo la damu asitupe vidonge vyake kwa kuwa amejifunza kuvuta pumzi. Mwenye maradhi makubwa ya akili asijaribu taamuli ndefu peke yake bila ushauri wa mhudumu wa afya, maana wapo watu ambao ukimya huwazidishia hofu. Na yeyote anayeuza taamuli kwa bei kubwa, akiahidi kuponya kila ugonjwa na kuleta utajiri, aepukwe kama anavyoepukwa tapeli mwingine yeyote.

Mfano mmoja unastahili kukumbukwa. Katika gereza la Tihar, mjini Delhi, India, lililojulikana kwa msongamano na vurugu, mkuu wa magereza wa wakati huo, Bibi Kiran Bedi, aliruhusu mafunzo ya taamuli ya siku kumi yafanyike ndani ya kuta. Mwaka 1994 wafungwa wapatao elfu moja walikaa pamoja kwa ukimya katika mafunzo hayo. Watu hao hawakufunguliwa milango. Walipewa nafasi ya kujitazama, kazi ambayo kwa mtu aliyetenda kosa ni nzito kuliko kupasua mawe. Ikiwa gerezani yawezekana, haitashindikana nyumbani kwetu.

Yupo atakayetuuliza: Je, mama lishe aliyebanwa na ile mikopo inayoitwa kausha damu afumbe macho, na mkopeshaji yu mlangoni? Swali hili ni la haki. Tunasema wazi kwamba utulivu wa moyo haulipi deni, na wala hauwi badala ya mshahara wa halali au sheria inayomlinda mnyonge. Mwajiri anayewachosha watu wake kisha akawaletea mwalimu wa taamuli badala ya kuwapunguzia kazi anawadhihaki. Lakini tukumbuke pia kwamba mikopo mingine huchukuliwa kwa papara, na kwamba aliyefadhaika hukopa hapa ili alipe pale, mpaka akakwama kabisa. Akili iliyotulia haiondoi dhuluma, ila humwezesha mtu kuitambua, kuuliza masharti kabla ya kutia sahihi, na kuwatafuta wenzake ili wadai haki pamoja. Hasira hasara, na majuto ni mjukuu.

Jinsi ya kuanza ni rahisi, tena haigharimu hata senti moja. Mtu na akae mahali penye utulivu, juu ya kiti au mkeka, mgongo ukiwa umenyooka bila kukakamaa. Simu na iwekwe chumba kingine. Afumbe macho au ayainamishe, kisha aifuate pumzi yake inavyoingia na kutoka, bila kuilazimisha. Baada ya muda mfupi akili itatoroka kwenda sokoni au kwenye ugomvi wa jana. Asijilaumu, airudishe taratibu kwenye pumzi, hata kama ni mara mia moja. Huko kurudisha ndiko mazoezi yenyewe. Dakika kumi kila siku zafaa kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi.

Tungependa shule zetu zijaribu kuwapa wanafunzi dakika tano za ukimya kabla ya kipindi cha kwanza, kila mmoja akitafakari kwa imani yake. Tungependa madereva wa mabasi ya masafa marefu na vijana wa bodaboda wakae kimya kidogo kabla ya kuwasha injini, kwani haraka ya dakika moja imewaacha watoto wengi yatima. Na tungependa wazazi wajizoeze kuvuta pumzi tatu kabla ya kuinua mkono juu ya mtoto. Huenda mkono huo ukashuka wenyewe.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hatuwaombi wananchi wawe wakimya mbele ya maovu. Tunawaomba wanyamaze kidogo kila siku ili watakaponena na kutenda, wawe wamejua wanachonena na wanachotenda. Taifa huhitaji mikono ichapayo kazi, lakini huhitaji vile vile watu wenye mioyo iliyotulia, maana kazi ifanywayo kwa fadhaa hurudiwa mara mbili. Tuanze leo, kila mtu nyumbani kwake.