Msihesabu kura, hesabuni kalenda

Kwenye vimbweta siku hizi kila mtu kageuka mtabiri wa ule mpango wa Waingereza: aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2009 au baada ya hapo asiuziwe sigara maisha yake yote, hata akifika miaka sitini. Na watabiri wetu wanahesabu kura tu. Eti wabunge wengi wanaunga mkono, basi imepita hiyo. Jamani! Kura ndio kitu cha mwisho kutazama.

Mcheki Rishi Sunak. Alitangaza mpango huu Oktoba 2023, muswada ukaingia bungeni Machi 2024. Miezi mitano ya porojo. Tarehe 16 Aprili ukasomwa mara ya pili na kupita kwa kura 383 dhidi ya 67. Kura za kumwaga! Siku 36 baadaye, Mei 22, bwana mkubwa huyo huyo akaitisha uchaguzi, bunge likavunjwa, muswada ukafa. Wapinzani hawakuuua. Kaua baba mwenye mtoto, na kalenda alikuwa nayo mkononi.

Labour wakauleta upya Novemba 2024, na Machi 2025 Baraza la Makabwela likaupitisha kwa 366 dhidi ya 41 ukaenda kwa Malodi. Kura zilikuwepo hata mara ya kwanza. Kilichobadilika ni kwamba serikali ilikuwa mpya, ina miaka mbele yake.

Malaysia nao walileta wa kwao 2022, kwa waliozaliwa kuanzia 2007. Ukapelekwa kamati, Oktoba bunge likavunjwa. Uliporudi 2023, hoja ya kugongana na katiba ikaibuka, na kipengele cha kizazi kikanyofolewa.

Na msidhani ukishasainiwa ndio basi. New Zealand walipitisha sheria Desemba 2022, lakini marufuku ya kizazi ianze 2027, maana ndipo wale wa 2009 wanafika miaka 18. Katikati kuna uchaguzi wa Oktoba 2023! Ikaingia serikali mpya, na Februari 2024 ikaifuta kwa dharura, kabla kipengele hicho hakijafanya kazi hata siku moja. Waziri wa fedha, Nicola Willis, alishasema wazi kwamba mapato ya tumbaku yatasaidia kufidia punguzo la kodi. Yaani mapafu ya vijana yalipe!

Kwa hiyo nikitabiri nauliza mawili tu: uchaguzi uko umbali gani, na tarehe ya sheria kuanza iko upande gani wa uchaguzi huo? Waingereza nao walipanga Januari 2027, lakini uchaguzi wao mkuu unaweza kusubiri hadi Agosti 2029. Hapo wananchi wanapata muda wa kuizoea sheria kabla ya kupiga kura, na kufuta kitu kilichozoeleka ni kazi. New Zealand hawakuwa na nafasi hiyo.

Wavutaji wengi huanza wakiwa vijana. Kila mwaka muswada ukilala kabatini, kundi jipya linawasha ya kwanza. Mwanasiasa akikwambia anawapenda watoto ila sheria ianze baada ya uchaguzi ujao, huyo anapenda makofi tu.

Nawasilisha.