Kenya: Uhaba wa kumbukumbu za kompyuta wawafikia wasawazishaji rangi za filamu

Kupanda kwa bei za chipu za kumbukumbu, kulikodhihirika katika nusu ya pili ya mwaka 2025, kunaigusa sekta isiyotajwa mara nyingi katika habari za uchumi: studio ndogo za Nairobi zinazosawazisha rangi za filamu, matangazo ya biashara na video za muziki. Kazi hiyo, ambayo ni miongoni mwa hatua za mwisho kabla ya filamu kumfikia mtazamaji, haifanyiki bila kompyuta yenye kadi ya grafiki ya kutosha. Kadi hizo sasa zinagombewa na wanunuzi ambao mtayarishaji wa Riverwood hawezi kushindana nao kwa fedha.

Chanzo kiko mbali na Nairobi. Katika mwaka wake wa fedha uliomalizika Januari 2025, kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilipata mapato ya takriban dola bilioni 130. Kati ya hizo, zaidi ya bilioni 115 zilitokana na vituo vya data, ambako akili unde hufunzwa na kuendeshwa. Kadi za michezo ya video, ambazo ndizo hizo hizo zinazonunuliwa na wahariri wa filamu, ziliingiza kiasi cha bilioni 11 tu. Kumbukumbu nazo hutengenezwa kwa sehemu kubwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Mwezi Desemba 2025, Micron ilitangaza kuwa inaachana na biashara ya kuuza kumbukumbu kwa wateja wa kawaida chini ya jina la Crucial, ili kuelekeza uzalishaji wake kwa wateja wakubwa. Kwa lugha nyepesi, mteja anayenunua kadi moja amesogezwa nyuma ya foleni.

Kwa nini kumbukumbu? Swali hili ndilo kiini cha jambo lenyewe, kwa kuwa wanunuzi wengi bado hupima kadi kwa kasi yake au kwa upya wa jina lake. Programu inayotumika zaidi katika kazi ya rangi, DaVinci Resolve ya kampuni ya Australia Blackmagic Design, huikokotoa picha kwa usahihi mkubwa wa namba. Fremu moja tu ya 4K ina nukta zaidi ya milioni nane, na ikiwa ndani ya kadi huchukua takriban megabaiti 100. Ongeza tabaka za marekebisho, kisha uondoaji wa chembechembe katika picha zilizopigwa gizani, ambao huilazimu kadi kushika fremu kadhaa za kabla na za baada kwa wakati mmoja. Kadi yenye kasi ndogo itachelewesha kazi, na fundi atasubiri. Kadi iliyojaa kumbukumbu haichelewi bali husimama: programu hutoa onyo kwamba kumbukumbu imekwisha, na kazi hukwama usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Hapo ndipo orodha za bei zinapoanza kumpotosha mnunuzi. RTX 3060, iliyotoka mapema mwaka 2021, ilikuwa na gigabaiti 12. RTX 4060, iliyotoka miaka miwili baadaye, ina 8. Mtu aliyeacha ya kwanza akachukua ya pili amepata upya na kupoteza nafasi. Kibaya zaidi ni RTX 5060 Ti ya mwaka 2025, ambayo huuzwa kwa jina lile lile katika namna mbili, moja ya gigabaiti 8 na nyingine ya 16. Kwa bei za uzinduzi zilitofautiana kwa dola 50 tu, yaani dola 379 na 429. Kuokoa dola hizo 50, ambazo ni kama shilingi 6,500 za Kenya, ni hasara iliyo wazi kwa mtu wa rangi. Wala kununua kadi mbili ndogo si dawa. Toleo la bure la Resolve hutumia kadi moja tu, na hata katika toleo la kulipia kumbukumbu za kadi mbili hazijumlishwi, kwani kila kadi lazima ibebe fremu nzima peke yake.

Juu kabisa ya orodha iko RTX 5090 yenye gigabaiti 32. Ilitangazwa Januari 2025 kwa dola 1,999, takriban shilingi 258,000 za Kenya kabla ya VAT ya asilimia 16, ada za uingizaji na faida ya mfanyabiashara. Bei hiyo imebaki zaidi kwenye karatasi, kwani madukani imekuwa ikiuzwa kwa zaidi. Isitoshe, kadi hiyo peke yake inaweza kuvuta wati 575, na mtengenezaji hupendekeza kompyuta yake iwe na kigawa umeme cha wati 1,000. UPS ndogo inayowekwa chini ya meza nyingi za ofisi haiwezi kubeba mzigo huo hata kwa muda wa kuhifadhi faili. Kenya ilishuhudia giza la karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, lililofika hadi uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi. Katika mazingira hayo, bajeti ya kadi isiyohesabu betri haijakamilika.

Ndiyo maana kadi za mtumba zina thamani kuliko sifa zao. RTX 3090 ya mwaka 2020 ina gigabaiti 24, kiwango ambacho RTX 5080 mpya, yenye 16, haikifikii. Nyingi zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali, hadi mtandao wa Ethereum ulipoacha mfumo huo Septemba 2022 na wachimbaji wakazimwaga sokoni. Historia hiyo si ya kupuuzwa. Kadi hii ina chipu za kumbukumbu hata upande wa nyuma, na upande huo ndio hupata joto kali. Mnunuzi mwangalifu huitaka iendeshwe kwa nusu saa mbele yake kabla ya kutoa fedha. Ina upungufu mwingine pia: haiwezi kufungua yenyewe video za biti 10 za mfumo wa 4:2:2, ambazo kamera kama Sony FX3 hurekodi. NVIDIA iliongeza uwezo huo katika kizazi cha 50. Prosesa za Intel zenye grafiki za ndani, kuanzia kizazi cha 11, huziba sehemu ya pengo hilo, mradi zisiwe zile zenye herufi F mwishoni mwa jina, kwani hizo hazina grafiki hizo.

Wapo wanaokwepa mjadala wote kwa kununua Mac, ambayo kumbukumbu yake hutumiwa kwa pamoja na prosesa na grafiki, na ambayo hutumia umeme kidogo mno. Ni uamuzi wa busara kwa studio inayotegemea betri. Ila kumbukumbu ya Mac haiongezwi baada ya kununua. Anayechukua gigabaiti 16 leo atabaki nazo.

Linaloamuliwa hapa ni mahali fedha za kumalizia filamu zitakapotumika. Filamu za Kenya zilizovuka mipaka, zikiwemo Nairobi Half Life ya mwaka 2012 na Supa Modo ya 2018, zilitengenezwa kwa ushirikiano na Wajerumani, na mifuko mingi ya filamu ya Ulaya huweka sharti kwamba sehemu ya ruzuku itumike kwao. Hatua za mwisho, ambazo mtayarishaji wa Afrika asiye na vifaa hawezi kuzidai, ndizo rahisi zaidi kuhamishwa. Nchini Uganda, Isaac Nabwana wa Wakaliga aliunda kompyuta zake kwa vipuri vilivyotumika, lakini nakala ya awali ya filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilifutwa ili kupata nafasi kwenye diski kwa kazi nyingine. Leo programu si kikwazo tena: Resolve ya kulipia hugharimu dola 295 kwa malipo ya mara moja, ilhali mashine za da Vinci, kabla ya Blackmagic kuinunua kampuni hiyo mwaka 2009, ziliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Kikwazo kimehamia kwenye kadi.

Hata hivyo, kuna studio zinazomaliza fedha zote kwenye kadi, kisha zikasawazisha rangi kwenye skrini ya kawaida iliyounganishwa na kadi hiyo hiyo. Picha inayopita huko huguswa na mipangilio ya kompyuta yenyewe, na rangi ya ngozi inayoonekana sawa ofisini hugeuka ya kijani ukumbini. Kifaa kidogo cha kutoa picha moja kwa moja hadi kwenye skrini iliyopimwa, kama vile DeckLink, hugharimu pungufu ya kadi ya daraja la kati. Kwa bei za sasa, kadi ya mtumba ya gigabaiti 24, au mpya ya 16, pamoja na kifaa hicho na UPS inayotosha, ni matumizi bora kuliko RTX 5090 iliyo peke yake. Viwanda vipya vya kumbukumbu huchukua miaka kujengwa, kwa hiyo RTX 3090 za mwaka 2020 zitaendelea kutafutwa, na wauzaji wa Nairobi hawana sababu ya kuzishusha bei.