Uchambuzi: Waziri alipata muda wa kujiandaa kwa jela, wahanga wa vita wao wanangoja nini?

Jumanne tarehe 2 mwezi wa tisa 2025, Mahakama ya Kasasioni mjini Kinshasa ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka mitatu ya kazi za kulazimishwa. Alipatikana na hatia ya ubadhirifu wa dola milioni 19 zilizopangwa kujenga jela mpya Kisangani. Mwenyewe alikana mashtaka.

Hukumu hiyo haikumshtukiza. Bunge la taifa liliruhusu ashtakiwe, naye akajiuzulu katikati ya mwezi wa sita. Mwezi wa nane mwendesha mashtaka aliomba afungwe miaka kumi. Muda huo wote alikuwa na mawakili, na raia wote walisikia utetezi wake.

Wengi walisema atatoka tu, wakikumbuka kesi ya Vital Kamerhe: alihukumiwa miaka 20 mwezi wa sita 2020, akaachiliwa huru na mahakama ya rufaa 2022, kisha akawa waziri wa uchumi 2023. Lakini kesi hizi mbili hazifanani. Kamerhe alianzia mahakama ya chini, akapata nafasi ya kukata rufaa. Mutamba alihukumiwa na mahakama ya juu kwa sababu alikuwa waziri, na hukumu yake haina rufaa.

Sasa tutazame huku kwetu. Mtunza pesa wa shule ya serikali akishtakiwa ubadhirifu wa pesa za umma, sheria ni ileile: kazi za kulazimishwa, mwaka 1 hadi 20. Ila yeye hajui siku atakayokamatwa. Akifungwa Kakwangura, Butembo, chakula chake kinategemea familia. Na kama familia imebaki Kayna, mji ulio mikononi mwa M23 tangu mwisho wa mwezi wa sita 2024, chakula hicho lazima kivuke mstari wa vita. Hata usalama wa jela si wa hakika: wafungwa zaidi ya 1,300 walitoroka Kangbayi, Beni, mwezi wa kumi 2020, na zaidi ya 800 Kakwangura mwezi wa nane 2022, baada ya washambuliaji kuvamia.

Kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba nchi inahitaji jela bora. Shida ni pesa zilikotoka. Mwezi wa pili 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325 kwa ajili ya uharibifu wa vita iliyoanza 1998. Mfuko wa FRIVAO uliwekwa kwa ajili ya wahanga, na ni katika mfuko huo milioni 19 zilichukuliwa. Mjane aliyengoja malipo zaidi ya miaka ishirini alinyang'anywa mara ya pili, safari hii kwa kalamu.

Miaka mitatu ya mtu mmoja gerezani haimlishi mjane huyo. Mahakama imeonyesha kwamba hata waziri anahukumiwa, na hilo si dogo. Lakini wabunge waliochaguliwa Beni, Butembo na Lubero wanapaswa kuuliza swali linalobaki: pesa zinarudi lini katika mfuko, na nani atazihesabu mbele ya wahanga?