Gesi ipo, sawa. Lakini je, inatoka?

Ukikaa Malaba wiki moja tu, utajua jambo ambalo wapangaji wengi huchukua miaka kulielewa: kuwa na mali si sawa na mali kufika. Trela zinaweza kujipanga kutoka lango la mpaka hadi usione mwisho wake, zikiwa zimebeba mafuta, saruji na ngano, huku upande wa pili watu wanalia hakuna bidhaa. Januari 2022 ndivyo ilivyokuwa, madereva walipogoma kwa sababu ya kulipishwa vipimo vya corona. Mafuta yalikuwepo. Yalikuwa tu yamekaa kwenye foleni, na bei ya petroli Uganda ikapaa.

Ikumbuke foleni hiyo siku mwanasiasa atakaposimama Busia kukwambia kwamba Afrika Mashariki imejaa gesi na karibuni utapika kwa bei rahisi. Usimuulize gesi iko kiasi gani. Muulize inatoka vipi, na itaendelea kutoka hadi lini.

Kwani gesi hutokaje? Kisima kikiwa kipya, presha ya chini ya ardhi huwa kubwa. Gesi hupanda bombani kwa kasi, na kasi hiyo hubeba matone ya maji na mafuta mepesi hadi juu, kama upepo mkali unavyobeba vumbi la barabarani. Miaka inapita, presha inapungua, kasi inashuka. Ikishuka chini ya kiwango fulani, gesi haina nguvu tena ya kubeba matone. Yanarudi chini na kujikusanya kwenye kitako cha kisima. Watafiti watatu, Turner, Hubbard na Dukler, walichapisha hesabu ya kiwango hicho mwaka 1969, na mainjinia wanaitumia hadi leo.

Sasa fikiria uzito. Safu ya maji ya mita 20 hubonyeza karibu sawa na presha ya tairi la gari dogo. Weka mita 300 ndani ya kisima, na gesi inakandamizwa na uzito wa mara 15 ya huo. Inapanda polepole zaidi. Kwa kuwa inapanda polepole, maji mengi zaidi yanabaki. Yakibaki, uzito unaongezeka. Kisima kinaanza kukohoa: leo kinatoa, kesho kimenyamaza, halafu kinatapika maji kwa fujo. Mwisho kinakufa kabisa, na gesi bado iko chini pale pale.

Hapa usichanganye na meko yako ya kilo sita. Gesi ya mtungini ni propeni na buteni, na imegandamizwa mpaka ikawa maji kwa makusudi, ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia kitu kikicheza ndani. Gesi asilia ya kisimani kwa sehemu kubwa ni metheni. Mtungini umiminiko ndio mali yenyewe, kisimani umiminiko ndio adui. Anayekuahidi gesi ya bomba na anayekuuzia mtungi hawazungumzii bidhaa moja, hata kama wote wanaiita gesi.

Mfano wa karibu uko Tanzania. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Hiyo ni miaka 30 ya kungoja. Kisha, kadiri visima vilivyofanya kazi, presha ikapungua, na mwaka 2022 zikafungwa kompresa za kusaidia gesi kuendelea kuingia bombani kwa kiwango kilekile. Sisemi visima vile vimejaa maji. Ninachosema ni kwamba kushuka kwa presha ndiko kunakoyafungulia maji mlango, na kuuzuia mlango huo ni kazi ya kila mwaka, yenye gharama. Hakuna mkasi wa kukata utepe unaoimaliza.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unaweza kuingiza bomba jembamba ndani ya lile pana, ili gesi ileile ipite kwa kasi zaidi. Unaweza kutia sabuni maalum, maji yakageuka povu jepesi linalobebeka. Unaweza kuweka chuma kinachopanda na kushuka kama pistoni, kikisukuma maji juu kila safari. Unaweza kufunga kompresa juu ya kisima ili kupunguza presha inayokizuia. Yote haya yanajulikana. Yanachohitaji ni mtu anayepima kila siku, na bajeti isiyopunguzwa eti kwa sababu matengenezo hayapigiwi makofi.

Na sisi Kenya? Mwaka 2012 kisima cha Mbawa, baharini Pwani, kilikuta gesi. Vichwa vya habari vikapiga kelele. Haikuwa ya kutosha kibiashara, kelele zikanyamaza. Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuja Nairobi, Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Wazo zuri. Lakini bomba ni barabara tu. Ukijenga barabara kutoka kwenye visima vinavyochoka bila mpango wa kuvitunza, umejenga foleni nyingine, safari hii chini ya ardhi.

Najua utasema, "Mimi niko Busia, Songo Songo inanihusu nini?" Inakuhusu mfukoni. Mtungi wako umejazwa gesi iliyokuja kwa meli, ikapanda lori. Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ilirudishwa kwenye gesi ya kupikia, mwaka 2022 ikapunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa. Miaka miwili tuligombania ushuru, na ilikuwa haki yetu. Ila ushuru unabadilishwa kwa kalamu. Mradi wa bomba ukishakopewa pesa, deni litalipwa na kizazi chako, kisima kitoe au kisitoe.

Kwa hiyo mambo mawili. La kwanza, ukialikwa kutoa maoni kuhusu mradi wowote wa nishati, iwe baraza la chifu au mkutano wa kaunti, dai takwimu tatu: presha ya visima leo, inavyotarajiwa kushuka kila mwaka, na pesa zilizotengwa kwa matengenezo. Asiyekuwa nazo arudi akazitafute.

La pili linakuhusu wewe unayetafuta kazi. Kila mtu anataka kuwa injinia wa ugunduzi. Wachache wanataka kuwa fundi wa valvu, wa vipimo, wa kompresa, wa kuchomelea bomba. Lakini ugunduzi hutokea mara moja, na kisima huhitaji fundi kila siku kwa miaka 20 au zaidi. Taasisi ya Morendat kule Naivasha inafundisha kazi za mafuta na gesi, na ufundi wa msingi unaweza kuuanza kwenye chuo cha karibu na kwenu. Stadi hizo zinatakiwa Uganda inakojiandaa na mafuta ya Ziwa Albert, na zinatakiwa Tanzania. Mtu wa Busia hahitaji kufundishwa kuvuka mpaka, maana neno lenyewe boda boda lilizaliwa hapa.

Makofi tumepiga ya kutosha. Sasa tuulize maswali, halafu tujifunze kushika spana.