Nyumba Isiyo na Mnunuzi

Wapo wanaodhani kuwa mwenye nyumba hawezi kuwa na dhiki. Na waitazame Japani. Huko, mtoto aliyekwenda Tokyo kutafuta kazi hurithi nyumba ya mbao ya wazazi wake kijijini, akaitangaza kuwa inauzwa, na mwaka ukapita bila ya mtu hata mmoja kuuliza bei. Hupunguza bei, kimya. Hupunguza tena, kimya kile kile. Hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa nyumba tupu zimefikia milioni 9 hivi, yaani asilimia 13.8 ya nyumba zote.

Ni rahisi kumshutumu muuzaji kwa uroho, na pengine waroho wamo. Lakini kiini cha tatizo kiko kwingine. Vijana wamehama na watoto wanaozaliwa ni wachache. Aidha, soko la huko huithamini ardhi na kuidharau nyumba: kwa mahesabu ya kodi, nyumba ya mbao hupewa umri wa miaka 22 tu. Iliyojengwa kabla ya Juni 1981, kanuni za tetemeko la ardhi zilipokazwa, huogopwa zaidi, na hofu hiyo si ya kipuuzi.

Basi kwa nini asiibomoe akauza kiwanja? Hapa ndipo sheria ilipojifunga kamba yenyewe. Kiwanja chenye nyumba, kisichozidi mita za mraba 200, hukadiriwa kodi kwa sehemu moja tu ya sita ya thamani yake. Nyumba ikibomolewa, nafuu hiyo hutoweka. Mrithi agharimie ubomoaji, kisha aongezewe kodi kama zawadi! Gofu huachwa lisimame. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2015, na kurekebishwa mwaka 2023, huwanyima nafuu hiyo wanaoacha nyumba zikaharibika. Ni haki kwa jirani anayengoja vigae vimwangukie, ila haimletei mrithi mnunuzi.

Dalali naye hulipwa kwa kadiri ya bei, na nyumba rahisi haimrudishii hata nauli. Ndiyo maana mwaka 2024 serikali ilipandisha kikomo cha ujira wake.

Afadhali halmashauri zinazoziandikisha nyumba hizo na kuzitafutia wakazi. Mrithi naye aache kuhesabu fedha alizotumia marehemu baba yake, ampe kwa bei ndogo, au bure, mtu aliye tayari kuishi humo. Na anayebomoa kwa hiari aachiwe nafuu yake ya kodi kwa miaka michache, mpaka kiwanja kipate mwenyewe.