Gari la Kulala Lipimwe Kwanza

Kwenye mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, malori hupanga foleni mchana na usiku. Kila ekseli inapimwa, na lori likizidisha, mwenyewe anatozwa au anapunguza mzigo. Hiace yenye kitanda, jiko, mtungi wa gesi, tangi la maji na familia ya watu wanne inapita bila kuulizwa kitu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari, iliyotungwa 2013, inayabana magari ya kuanzia tani 3.5. Gari dogo la kulala liko chini ya kiwango hicho, kwa hiyo halimhusu mtu wa mizani. Anayebaki na jukumu la kujua kama gari hilo ni salama ni mwenye gari peke yake, na mara nyingi naye hajawahi kulipima.

Hiace yenyewe haina kosa. Wakazi wa Dar es Salaam waliipanda miaka mingi kwa jina la Kipanya, Wakenya wameifanya matatu, na ni shida kupata mji wa Afrika Mashariki ambao fundi wake hajui kuifungua. Vipuri vyake vimejaa Kariakoo na Kirinyaga Road, Nairobi. Ndiyo maana anayetaka gari la kulala kwa bei inayobebeka huanzia hapo. Anang'oa viti, anaweka kitanda, kabati, sinki na jiko, kisha anaondoka na familia kwenda Kitulo kutazama maua au Naivasha kutazama viboko. Ni jambo la kuungwa mkono. Familia ya namna hiyo hailipii loji, inapika chakula chake, na watoto wanaijua nchi yao kwa macho.

Wajerumani walianza mapema. Volkswagen ilianza kutoa basi lake dogo mwaka 1950, na 1951 kampuni ya Westfalia ikaanza kulitengenezea samani za kulalia na kupikia. Lakini kule gari lilifuatwa na kanuni. Ujerumani ina utaratibu wa kukagua mfumo wa gesi wa magari hayo kila baada ya miaka 2, na gari lililopita hubandikwa stika. Nchini Uingereza, aliyefaulu mtihani wa udereva wa gari dogo tangu 1997 hupata leseni ambayo kwa kawaida inaishia kwenye gari la kilo 3,500, hivyo wenye magari ya kulala wamelazimika kujua uzito wa magari yao. Huku kwetu gari limeshafika, kanuni bado.

Tatizo la kwanza ni uzito, na linaanzia kwa seremala. Fundi aliyezoea makabati ya sebuleni atatumia mninga au MDF nene, kwa sababu mteja amemwambia anataka kitu cha kudumu. Mfano ni gari ambalo nyaraka zake zinataja uzito wa juu wa kilo 2,800, nalo likiwa tupu lina kilo 1,900. Zimebaki kilo 900, na kwa kuzisikia mtu anaona ni nyingi. Kitanda na makabati ya mbao vinachukua 250. Maji lita 80 ni kilo 80. Betri mbili za asidi ni 55, paneli za sola na fremu zake 40, friji 30, na mtungi wa gesi wa kilo 6 uliojaa, pamoja na chuma chake, kama 14. Watu wanne ni 280. Nguo, vyombo, chakula, jeki na spana ni 120. Jumla imefika kilo 869, na nafasi iliyosalia ni kilo 31. Baba akifunga hema la juu ya paa lenye kilo 60, gari limezidi kabla halijatoka getini, na uzito huo wa mwisho umekaa mahali pabaya kuliko pote, juu.

Kujua ukweli huo hakuhitaji gharama kubwa. Maghala ya nafaka, viwanda na machimbo ya kokoto mengi yana mizani ya magari, na mwenye gari anaweza kuomba kupimiwa. Gari liende likiwa limejaa kama siku ya safari, na watu wakiwa ndani. Lipimwe zima, kisha ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, kwa kuwa gari linaweza kuwa chini ya uzito wake wa jumla huku ekseli ya nyuma imezidiwa. Akiwa na karatasi hiyo mkononi, mwenye gari ana la kumwambia seremala: plaiwudi nyembamba ishike nafasi ya mninga, vitu vizito vikae chini na katikati ya ekseli mbili, na tangi la maji lijazwe karibu na kambi badala ya kusafirishwa likiwa limejaa kutoka nyumbani. Betri za lithiamu ni ghali, lakini kwa nguvu ileile huwa hazifiki nusu ya uzito wa zile za asidi.

Mzigo wote huo unabebwa na tairi nne. Tairi za Hiace huandikwa saizi yenye herufi C mwishoni, kama 195R15C, yaani zimetengenezwa kwa magari ya mizigo. Za gari la saluni zinaweza kuingia kwenye rimu na ni nafuu zaidi, lakini ubavu wake haukukusudiwa kubeba mzigo huo. Tena, gari la kulala linatembea mara chache, hivyo tairi zake huzeeka kabla kashata hazijaisha, na macho yanadanganyika. Kwenye ubavu wa kila tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi hiyo ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nyufa ndogondogo zikionekana ubavuni, hasa upande unaopigwa na jua, tairi hiyo ibadilishwe hata kama inaonekana mpya. Upepo nao upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi zikiwa za baridi, kwa kiwango kinacholingana na uzito uliosomwa kwenye mizani.

Hatari nyingine inatokana na mazoea. Mtoto amechoka, kitanda kiko nyuma, basi analazwa huku gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Dereva akikanyaga breki ya ghafla, gari linasimama na mtoto anaendelea kwa mwendo uleule mpaka akutane na kabati au kioo. Kenya ililifanyia kazi suala la mikanda kwenye magari ya abiria kupitia kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika 2004. Tanzania, wadau wa usalama barabarani wamelalamika kwa miaka kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ilimwangalia dereva na abiria wa mbele, ikamwacha wa nyuma. Kwenye gari la kulala pengo hilo ni kubwa zaidi, maana fundi aking'oa viti vya nyuma anang'oa na mikanda yake. Benchi jipya likifungwa kwa skrubu kwenye plaiwudi, litang'oka lote na watu waliokalia. Kiti cha safari kifungwe kwa bolti kwenye chuma cha bodi, na chini ya sakafu kuwe na bamba la chuma linalosambaza nguvu. Idadi ya watu wanaosafiri iwe idadi ya mikanda, na kitanda kisubiri gari lisimame.

Barabarani, gari hili halifanani na saluni wala na Hiace tupu. Anayeteremka Kitonga, mkoani Iringa, kuelekea Ruaha Mbuyuni, akitegemea kanyagio la breki peke yake, atafika katikati ya mlima breki zimepata moto na kanyagio limelegea. Mlima huo unateremkwa kwa gia ya pili, injini ikilizuia gari, na breki zikiguswa kwa vipindi. Wakenya wanaijua Salgaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako madereva wa malori walizoea kuteremka kwa nyutro ili kuokoa mafuta, na watu wengi wakapoteza maisha. Maeneo ya wazi kama Makambako na Singida yana upepo wa ubavuni unaosukuma bodi ndefu, na hapo mwendo upunguzwe mapema, hasa lori kubwa linapopita. Ndani ya Mikumi, ambako barabara kuu inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, kuna bango lenye faini ya kila mnyama anayegongwa. Dereva wa gari la kulala hana sababu ya kupita hapo usiku. Kitanda chake anacho.

Gesi inahitaji kuzungumzwa bila haraka. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani, inatuama sakafuni, chini ya kitanda, kwenye kona ya betri, ikingoja cheche. Ndiyo maana mtungi unatakiwa ukae kwenye kisanduku chake kilichozibwa upande wa ndani, chenye mlango wa nje na tundu sakafuni la kuitoa gesi chini ya gari. Usimame wima na ufungwe kwa mkanda. Mpira wa gesi usipite karibu na bomba la moshi, na ubadilishwe kwa tarehe iliyochapishwa juu yake. Kila kabla ya safari, sabuni ya maji ipakwe kwenye regyuleta na kila kiungo, kisha mtungi ufunguliwe. Mapovu yakianza kuumuka mahali, hapo panavuja, na safari haianzi. Gari likitembea, mtungi uwe umefungwa.

Kuna hewa nyingine isiyo na harufu wala rangi. Juni na Julai baridi ya Njombe na Makete huingia mpaka kwenye mifupa, na aliyelala ndani ya gari hushawishika kuingiza jiko la mkaa au kuacha jiko la gesi likiwaka kwa ajili ya joto. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksidi, na majiko hayo yameshaua watu waliojifungia vyumbani katika Nyanda za Juu Kusini na katika maeneo ya baridi ya Kenya. Ndani ya Hiace hewa haifiki hata nusu ya ile ya chumba cha mita 3 kwa 3, hivyo sumu inajaa upesi zaidi. Kinachofaa ni blanketi zito, na tundu la hewa lisizibwe hata kukiwa na baridi kali. King'ora cha kaboni monoksidi kiwekwe usawa wa vichwa vya waliolala. Kile cha gesi ya kupikia ni kifaa kingine, na kinakaa karibu na sakafu. Mtungi wa kuzimia moto uwe mlangoni, kwa sababu ukitundikwa juu ya jiko hautafikika jiko likiwaka.

Mahali pa kulala pachaguliwe kukiwa bado na mwanga. Mei 2024 maji ya Mto Talek yalivamia kambi za Maasai Mara na makumi ya watu, wakiwamo watalii, wakaokolewa, baadhi yao kwa helikopta. Mchanga mweupe wa korongo kavu unavutia, lakini mvua inaweza kunyesha mbali mlimani na maji yakafika usiku kambini kukiwa na nyota. Gari liegeshwe mahali pa juu, pua ikielekea njia ya kutokea, ufunguo ukijulikana ulipo na kiti cha dereva kikiwa hakijarundikiwa mizigo.

Sehemu kubwa ya mwaka, hata hivyo, gari hili liko nyumbani limesimama, na hapo ndipo linapoharibikia polepole. Kwa wa Tanga, Mombasa na Unguja adui ni chumvi. Chini ya gari paoshwe kwa maji baridi baada ya kila safari ya pwani, na gari likae kwenye banda linalopitisha hewa, kwani turubai lililobana hushika unyevu na kulea kutu. Chini ya mnazi si mahali pake. Gari la kukaa miezi liwekewe vigingi kwenye tairi badala ya kuachwa na breki ya mkono, ambayo hugandia. Mtungi wa gesi utolewe, maji yamwagwe yote, friji iachwe wazi isiote ukungu, na kila punje ya chakula iondolewe, maana panya anayefuata unga wa sembe huishia kwenye nyaya. Betri za asidi zisiachwe zikashuka chini ya nusu. Kila mwezi gari liendeshwe mpaka injini ipate moto wake wa kawaida, tairi zizunguke na breki zifanye kazi.

Haya yote mwenye gari anaweza kuyafanya leo, lakini haifai kumwachia yeye peke yake. Kadi ya gari inayosema ni basi dogo la abiria haielezi tena kilichomo ndani, na mwenye bima kubwa ambaye hakulitaarifu shirika la bima kuhusu mabadiliko hayo anajitafutia mgogoro siku ya ajali. Mamlaka ya mapato (TRA) na polisi wa usalama barabarani Tanzania, na mamlaka ya usafiri na usalama (NTSA) Kenya, waweke ukaguzi mmoja kwa kila gari linalogeuzwa kuwa la kulala: karatasi ya mizani, mikanda iliyofungwa kwenye chuma, na kisanduku cha gesi chenye tundu sakafuni. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi Tanzania, inaweza kuwafundisha maseremala na mafundi bodi kazi hii kwa kozi fupi. EWURA na EPRA tayari zinasimamia biashara ya gesi ya kupikia katika nchi hizi mbili. Mwongozo wa kurasa chache unaoyataja magari haya kwa jina hauwezi kuzishinda, nao uandikwe sasa, magari yakiwa bado machache.